Geti Lililofunguka Usiku: Kisa cha Kamera Iliyowekwa Kumnasa Mwizi

Kwa zaidi ya mwezi, Mzee alikuwa akiamka alfajiri anakuta geti dogo la uani liko wazi, ilhali yeye mwenyewe ndiye hulifunga jioni na kulikagua kabla ya kulala. Siku nyingine kiti chake cha kibarazani kimesogezwa. Siku nyingine tochi iko sakafuni. Alikuwa na uhakika kuna mtu anaingia. Watoto wake nao walikuwa na uhakika wao, ambao hawakuusema mbele yake: kwamba umri umeanza kumpunguzia kumbukumbu. Binti, anayeishi naye, alitaka baba yake akapimwe. Kaka wa huyo binti, anayeishi mbali, alinunua kamera.

Mimi niliitwa baadaye, kama fundi. Familia imeniruhusu kueleza kisa hiki mradi jina la mtu wala mahali lisitajwe. Nakiandika kwa sababu nyumba nyingi zinazonipigia simu huwa na swali moja tu: itamwonyesha nani? Na hilo ndilo swali ambalo kamera ya nyumbani hulijibu vibaya zaidi. Usiku, mtu akiwa amevaa kofia na yuko mbali kidogo na lenzi, utaambulia kivuli chenye miguu. Lakini ukiiuliza ilikuwa lini, nini kilitangulia nini, na kilichukua muda gani, inakujibu vizuri kuliko shahidi yeyote aliyekuwa macho. Nyumba hii ilipata majibu mengi, na karibu yote hayakuwa ya swali lililoulizwa.

Kamera ya kwanza

Kaka alinunua kamera ya betri, ile ya kubandika ukutani bila waya, akaipachika kwenye ukuta wa kibaraza ikitazama geti moja kwa moja. Kwa macho, pale ni mahali pazuri. Kwa kamera ya aina ile, ni mahali pabaya kuliko pote. Kamera ya betri hulala ili isimalize chaji, na kinachoiamsha ni kihisi cha joto. Kihisi hicho hushtuka pale chanzo cha joto kinapokatiza mbele yake kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Anayepita kwa upande huiamsha upesi. Anayeijia uso kwa uso, au anayekwenda zake akiipa mgongo, anabaki ndani ya eneo lile lile la kihisi kwa hatua kadhaa, na kamera inaendelea kulala. Hata ikiamka huchelewa kidogo, kwa hiyo klipu nyingi huanzia katikati ya habari: mtu tayari yuko getini na hujui alitokea wapi.

Klipu walizopata zilikuwa za paka, nondo, na buibui aliyetanda utando mbele ya lenzi. Huyo buibui ni mteja wa kudumu wa kazi yangu. Wadudu hufuata joto na mwanga wa taa za kamera, naye anafuata wadudu. Asubuhi mbili geti lilikutwa wazi na kamera haikuwa na la kusema. Kaka akahitimisha kwamba hakuna anayeingia, kwa hiyo Mzee ndiye anayeliacha wazi. Mwishoni ilionekana hakuwa mbali na ukweli, ila aliufikia kwa njia mbovu. Kukosekana kwa klipu alikuchukulia kama ushahidi kwamba hakuna kilichotokea, wakati kwa kamera inayolala, kimya hakithibitishi chochote.

Nilipofika sikuongeza idadi ya kamera. Niliweka moja ya waya, yenye umeme muda wote, inayorekodi mfululizo bila kusubiri kushtuliwa. Niliipachika kwenye kona ya paa ili itazame kibaraza, njia na geti kwa ubavu. Kwa picha ya ubora wa wastani, mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ya video hula kama megabaiti 900, na siku nzima gigabaiti 21 na ushei. Kadi ya gigabaiti 128 hubeba siku tano na kitu, kisha inaanza kufuta za nyuma. Kwa nyumba inayoamka na kukagua kila asubuhi, hizo zinatosha. Nikachagua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, maana kadi za kawaida za simu huchoka haraka kwa kuandikwa usiku na mchana, na zikifa hazikuagi.

Taa zake za usiku ni za infraredi, mwanga ambao jicho halioni vizuri lakini kamera huuona, zile za urefu wa wimbi wa nanomita 850, ambazo gizani utaziona kama chembe nyekundu. Zipo za nanomita 940 zisizoonekana kabisa, lakini hazimuliki mbali, na hapa hatukuwa na sababu ya kumficha mtu kwamba anarekodiwa. Jambo la mwisho lilikuwa saa. Kamera nyingi umeme ukikatika hupoteza saa, na zikirudi huandika wakati wa kubuni mpaka zipate intaneti. Niliiunganisha ichukue wakati kwenye mtandao yenyewe. Video yenye saa isiyoaminika ni ya kutazama tu, huwezi kuitolea hoja.

Kuhusu kurekodi mfululizo niseme kidogo, kwa kuwa watu hukuona kama uchoyo wa data. Kamera inayosubiri tukio imeamuliwa mapema tukio ni nini. Tarehe 28 Machi 2025, tetemeko la kipimo cha 7.7 lilipoipiga Myanmar, kamera ya ulinzi iliyokuwa ikitazama geti la kituo cha umeme wa jua ilinasa ardhi yenyewe ikiteleza kando ya ufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliipima video hiyo fremu kwa fremu, wakapata kwamba ardhi ilihama mita 2.5 kwa sekunde 1.3. Julai 2024, karibu na Charlottetown nchini Kanada, kamera ya kengele ya mlangoni ilinasa jiwe la kutoka angani likipasukia kwenye njia ya kuingilia nyumbani, picha pamoja na mlio wake. Waliozitundika kamera hizo walikuwa na hofu ya wezi kama familia hii.

Saa nane usiku

Nimeitazama klipu hii na Binti zaidi ya mara moja, kwa hiyo naweza kuieleza kwa utaratibu. Kwenye picha saa inasoma 02:41, yaani saa nane na dakika arobaini na moja usiku. Dirisha la chumba cha Mzee, lililo pembeni mwa fremu, linawaka. Haipiti nusu dakika, mlango unafunguka. Anatoka, tochi mkono wa kulia. Anapiga hatua mbili, kisha mkono wa kushoto unainuka kutafuta nguzo. Mkono unatangulia, mwili ndio unafuata kuyumba, na hilo ndilo lililomnyamazisha Binti: mkono ule ulikuwa umeshazoea. Kichwa kinainama. Tochi inamponyoka, mwanga unabiringika sakafuni hadi kwenye mguu wa kiti. Anakishika kiti mgongoni na kiti kinaburuzika kidogo. Anatulia hapo kwa muda wa pumzi kadhaa, kisha anashuka bila tochi, anakwenda getini, analitikisa komeo mara tatu kwa nguvu za mtu anayetaka kuhakikisha, anarudi ndani.

Sogeza video mbele. Saa kumi na robo alfajiri upepo unaanza kuvuma. Geti linatetemeka, linatulia, linatetemeka tena, halafu linafunguka taratibu lote, bila mkono wa mtu.

Mchana nililikagua. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea na geti limelala upande mmoja, kiasi kwamba pini ya komeo iligusa tu mdomo wa tundu badala ya kuzama ndani. Mdomo wa tundu ulikuwa umekwaruzika mpaka unang'aa. Ukilifunga kwa upole, linashika. Ukilitikisa kwa nguvu, pini inarudi nyuma kidogo, na kinachobaki ni kazi ya upepo. Kwa maneno mengine, geti lilikuwa likifunguka kwa sababu lilikuwa likikaguliwa.

Binti alihangaika jinsi ya kumwambia. Mimi nilishauri asimwambie, amwonyeshe. Mzee alitazama simu kwa utulivu mpaka mwisho, akaomba irudiwe, kisha akasema, "Kumbe mwizi wenyewe ni mimi." Akacheka. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu: "Na huyu anayeshika nguzo, mbona anayumba hivyo?" Alikumbuka kutoka nje. Kuyumba hakukumbuka, wala tochi kuanguka. Hapo ndipo kiti na tochi vilipopata maelezo, na suala la geti likawa dogo.

Kutoka getini hadi kwa daktari

Sehemu hii ni kazi ya Binti, na naona ndiyo bora katika kisa chote. Alikusanya klipu za kila usiku ambao baba yake alitoka, akaandika kwenye daftari safu tatu: dirisha limewaka saa ngapi, mlango umefunguka saa ngapi, ameyumba au hakuyumba. Aliandika kwa saa ya kamera, na pembeni kwa saa tunazotumia sisi, ili kwa daktari usitokee mkanganyiko wa saa mbili usiku na saa nane. Safu zikazungumza zenyewe. Usiku ambao mwanga uliwaka na mlango ukafunguka papo hapo, aliyumba. Usiku ambao alikawia chumbani kwanza, labda akitafuta kandambili au amekaa tu kitandani, alitembea vizuri.

Hilo si uchunguzi wa kitabibu, na Binti hakudai ni uchunguzi. Lakini daktari alipoliona daftari na klipu mbili, alijua aanzie wapi. Alimpima Mzee presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Presha inaposhuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 kwenye namba ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, madaktari huhesabu hilo kuwa tatizo linalojitegemea: mwili unachelewa kubana mishipa, damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Ya Mzee ilishuka kupita hapo. Alikuwa anatumia dawa ya tezi dume na ya kupunguza maji mwilini, na zote mbili zinaweza kuchangia presha kushuka mtu anaposimama. Ya pili, ikinywewa jioni, ndiyo humwamsha mtu usiku kwenda haja. Daktari alibadilisha saa za kuzimeza, akamfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda na kuchezesha miguu kabla ya kuinuka.

Faida ya video kwa daktari iko wazi. Mambo mengi ya mwili hutokea nyumbani, usiku, na yanakuwa yamekwisha mgonjwa anapofika kliniki. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na ndugu anasimulia alichoogopa badala ya alichoona. Madaktari wa kifafa huwaomba ndugu warekodi mshtuko kwa simu kwa sababu hiyo hiyo. Kamera iliyo ukutani imeshinda simu kwa jambo moja: ilikuwa inarekodi kabla ya tukio kuanza, na sekunde za kabla ndizo zilizoleta jibu hapa. Bila lile dirisha lililoingia pembeni mwa picha kwa bahati, tungekuwa na video ya mzee anayeyumba, basi. Tangu hapo, nikipanga kamera nje ya nyumba yenye mtu mzima, napenda dirisha la chumba chake lionekane kwa nje, pazia likiwa limefungwa. Mwanga unatosha.

Simu za usiku wa manane

Mambo hayakwenda vizuri muda wote. Kaka, kule aliko, alikuwa amewasha arifa zote kwenye simu yake. Baba akitoka kibarazani, simu ya mtoto inalia. Mtoto anampigia baba: "Baba, mbona uko nje saa hizi? Rudi ndani." Alifanya hivyo kwa mapenzi, sina shaka. Lakini fikiria upande wa pili: mtu aliyejenga nyumba hiyo kwa mikono yake anatoka kuvuta hewa na simu inaita kabla hajakaa. Mzee alivumilia kwa muda, kisha akaanza kutokea mlango wa nyuma, ambako hakuna kamera, hakuna taa, na ngazi ni mbaya zaidi. Familia iligundua jinsi nilivyogundua mimi: daftari la Binti lilianza kuwa na usiku ambao dirisha linawaka na mlango haufunguki.

Ningeombwa kuchagua sehemu moja ya kisa hiki isomwe na kila anayemwekea mzazi kamera, ningechagua hii. Kamera ilimsukuma mtu kutoka mahali salama kwenda mahali hatari, kwa sababu tu aliyekuwa akitazama alijibu kila alichokiona. Kifaa kilikuwa kizima, arifa zilifika kwa wakati, picha safi.

Waliketi wakaongea, Mzee akiwa mwenyekiti wa kikao kinachomhusu. Binti alitaka kamera nyingine ndani, kwenye korido ya chumba. Kaka alimuunga mkono. Mzee aliwasikiliza wote, akasema, "Wanangu, nje nitazameni. Ndani mtabisha hodi kama mlivyofundishwa." Hoja ikaishia hapo. Badala ya kamera ya ndani, ziliwekwa taa mbili zinazojiwasha mtu anaposhusha miguu, na mshikio ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni. Arifa za Kaka zilizimwa, isipokuwa moja: mtu akitoka kibarazani usiku na kwa robo saa asionekane kurudi. Hiyo inalia kwa Binti, aliye chumba cha pili, na yeye ndiye anayeinuka kutazama. Mlango wa nyuma hautumiki tena usiku. Kwa maoni yangu taa na mshikio vilimlinda Mzee kuliko kamera yoyote ambayo ningeweza kuwauzia.

Kuhusu sauti, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Kamera ina spika, na mjukuu akagundua anaweza kuitumia kutoka mbali. Asubuhi moja Mzee amekaa kibarazani, paa likasema, "Shikamoo Babu!" Aliitikia marahaba kwanza, kama ada, ndipo akaanza kutafuta mtoto yuko wapi. Sasa ni mazoea yao ya kila siku, na mara nyingi Babu ndiye huitazama lenzi na kusema, "Leo umechelewa." Mazungumzo ya namna hii si jambo jipya. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa New York, aliyepata hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumbani pamoja na mumewe mnamo 1969, aliweka humo kamera, skrini na njia ya kuongea na aliye mlangoni bila kumfungulia.

Tangi, mita na funguo

Kamera ilipokuwa tayari inarekodi, nyumba ilianza kuiuliza mengine. Kwenye klipu za usiku kulikuwa na doa jeusi chini ya tangi la maji, linatanuka kuanzia saa saba hivi na kukauka jua likitoka. Kwa picha ya infraredi, saruji iliyolowa huonekana nyeusi kuliko iliyo kavu. Tangi lilikuwa linafurika usiku pekee. Maelezo yake ni ya kawaida: watu wakilala matumizi ya maji hupungua, shinikizo kwenye mabomba hupanda, na floti (boya linalofunga maji tangi likijaa) iliyochakaa, inayoweza kuzuia maji mchana, inashindwa usiku. Hakuna aliyewahi kulowa miguu hapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akipita saa hiyo isipokuwa Mzee, naye alikuwa anapita upande wa pili.

Binti, ambaye kufikia hapo alikuwa amenogewa, aliichukua ile kamera ya betri iliyotolewa, akaiunganisha kwenye chaja na kuielekeza kwenye mita ya maji. Alifunga koki zote pamoja na ya kuingizia tangi, akaiacha usiku kucha, asubuhi akalinganisha namba ya picha ya kwanza na ya mwisho. Zikifanana, mabomba ni mazima. Zikitofautiana, kuna mahali panavuja ndani ya kuta au chini ya ardhi. Zilifanana, kwa hiyo ikabadilishwa floti tu. Wazo la kutazamisha kamera kwenye kitu kisichotembea ni la zamani. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wajue lina kitu kabla ya kushuka ngazi, na baadaye ikawa miongoni mwa kamera za kwanza kuonekana kwenye wavuti. Wanaonipigia simu hutaja milango na mageti. Ni nadra mtu ataje mita, geji, au taa ndogo ya pampu, ambavyo havina faragha ya kuvunjwa na vina mengi ya kusema.

Halafu kuna kupoteza vitu. Funguo, miwani, simu iliyozimwa sauti. Mzee sasa hatafuti miwani. Anauliza nimeonekana nayo mara ya mwisho wapi, Binti anarudisha video nyuma, dakika chache tu wameipata kwenye ukingo wa kibaraza. Inahitaji kitu kimoja tu: mtu ajue kuburuta kidole kwenye mstari wa saa bila kupitiliza.

Dirisha la jirani

Kwa ubavu ule niliousifia, picha ilichukua pia robo ya dirisha la jirani. Jirani hakulalamika. Alimuuliza Binti kwa upole kama kamera inamwona, na Binti akamwonyesha simu. Nilirudi nikaziba sehemu hiyo kwa kisanduku cheusi kwenye mipangilio, kazi ya dakika moja ambayo kamera nyingi zinaruhusu, kisha Binti akampelekea jirani aone kisanduku kilivyokaa. Kurekodi sauti nikakuzima. Spika ya mjukuu hufanya kazi anapopiga tu.

Anayeona hizo ni adabu za ziada ajue kwamba kuna mahali zimefikishwa mahakamani. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililotoka Jamhuri ya Cheki, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la binafsi la ndani ya nyumba, hivyo sheria za kulinda taarifa za watu zinaihusu. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilimkuta na makosa mwenye nyumba ambaye vifaa vyake vilinasa mambo ya jirani, na sauti iliyosikika kutoka mbali ilimsumbua jaji kuliko picha. Kila nchi ina sheria zake, lakini sababu ya jirani kukasirika ni moja popote.

Nenosiri nalipitia haraka. Nyumba nzima, pamoja na mjukuu, walikuwa wanatumia moja, lile lililokuja na boksi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vingine vya mtandao kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani, kisha ikavitumia kuangusha tovuti kubwa. Sasa kila mtu ana akaunti yake na uthibitisho wa hatua mbili, na ya mjukuu inaweza kuongea lakini haiwezi kufungua video za nyuma.

Hayo ya video za nyuma ndiyo yaliyobaki kujadiliwa. Kadi hujifuta yenyewe kila baada ya siku tano na kitu, ila klipu mbili za Mzee akishika nguzo Binti alizihamishia kwenye simu yake kwa ajili ya daktari. Kaka aliziomba azihifadhi naye, Mzee akakataa. Zitakaa kwa Binti mpaka miadi ya pili, ambapo daktari anataka kulinganisha na jinsi anavyotembea sasa. Baada ya hapo Mzee atazifuta mwenyewe. Ameshaonyeshwa kitufe, na ameuliza kama kikibonyezwa zinarudi.